Ndala Mkononi, Baiyun

Mwalimu,

Ujumbe wako nimeupata, na nimeona nikujibu kwa barua badala ya kukutumia vipande vya sauti, maana ulichouliza hakijibiki kwa maneno mawili. Unataka kujua kama niwafungie watoto wa timu raba kutoka huku, ziwahi mashindano ya shule ya UMISSETA, au kama ni kweli alivyokwambia yule mgeni aliyepita shuleni kwamba raba ndizo zinazoharibu miguu ya wakimbiaji, heri watoto waachwe wakimbie peku kama walivyozoea. Swali umelipeleka kwa mtu ambaye chakula chake kinatokana na kununua viatu, na ambaye mazoezi yake mwenyewe, sehemu kubwa, anayafanya pekupeku. Naona ulijua unachokifanya. Basi nivumilie nikueleze kwanza ninavyoishi na ninavyokimbia hapa, raba tutazifikia.

Ninakaa Sanyuanli, katika wilaya ya Baiyun. Hapo zamani palikuwa kijiji cha wakulima nje ya mji wa Guangzhou. Mwezi Mei 1841, wakati wa Vita vya Kasumba, wanakijiji walitoka na majembe na mikuki wakapambana na askari wa Kiingereza, na hekalu walilokusanyikia leo ni makumbusho. Mashamba yamekwisha, mji umekimeza kijiji, lakini vichochoro vimebaki na upana ule ule wa zamani na juu yake zimepandishwa nyumba za ghorofa sita, saba, zilizobanana kiasi kwamba ukifungua dirisha unaweza kumpa mkono jirani wa nyumba ya pili. Chini ni biashara ya mikoba, mikanda na pochi za ngozi. Wanaijeria wapo, Wakongo wapo, Waguinea wapo, na sisi watu wa Kariakoo tupo, kila mmoja na kikokotozi chake mkononi.

Ardhi ya hapa si ya kukanyaga na mguu mtupu. Asubuhi, kabla wafagiaji hawajapita, utakuta pini za makatoni, vishikizo vya chuma vilivyodondoka kwenye mikoba, kamba ngumu za plastiki za kufungia marobota, magamba ya samaki, na maji yenye mafuta yanayotoka jikoni mwa migahawa. Juu ya hayo kuna pikipiki za umeme zinazokujia mgongoni bila sauti. Kwa hiyo ninatoka nyumbani na ndala. Hilo halimshangazi mtu, kwani watu wa mkoa huu wa Guangdong wenyewe ni watu wa ndala. Baba mwenye majengo ya kupangisha, anayeweza kutununua mimi na wewe na shule yote, anashuka asubuhi kunywa chai akiwa na kaptula na ndala za plastiki. Pasipoti ninaifunga kiunoni ndani ya mfuko wa nailoni, kwa kuwa mgeni hapa hutakiwa kutembea nayo, na jasho la Baiyun likiingia kwenye karatasi halitoki.

Ndala ninazivua nikishafika mlimani.

Mlima wa Baiyun ndio uliolipa jina wilaya hii, na hata uwanja wa ndege wanapotua wote wanaokuja kufunga mzigo. Kilele chake kirefu, Moxing Ling, kina mita 382. Najua unacheka. Nyie wa Mbulu mnaamka asubuhi mkiwa juu kuliko kilele hicho mara kadhaa, na mapafu ya watoto wako yangeuona mlima huu kama tuta la viazi. Lakini wenyeji wanauheshimu. Siku ya tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda yao ya mwezi, mji mzima hupanda usiku kutafuta baraka, na siku za kawaida wazee huupanda na vigari vidogo vya kukokota vilivyojaa madumu, wakashuka na maji ya chemchemi ya kupikia chai. Kuna pia uji mzito laini wa soya uliogandishwa, wanauita doufuhua, unaoliwa na sharubati ya sukari. Wa mlimani husifiwa kuliko wa mjini kwa sababu ya maji yale. Ukimaliza kushuka ukiwa huna nguvu, bakuli moja linakurudishia uhai.

Kwa mkimbiaji wa peku mlima huu una kitu kimoja cha thamani, nacho ni barabara yake. Kutoka Lango la Kusini, karibu na bustani ya Yuntai, lami inapanda kwa mizunguko hadi juu, na siku nyingi kinachopita ni vigari vya umeme vya kubebea watalii. Lami ni laini, inafagiwa kila siku, na ukungu wa alfajiri umeipoza. Watu hudhani peku inataka majani au mchanga. Mimi nimeona kinyume chake. Majani yanaficha chupa na miba, na ulaini wake unakuruhusu ukanyage vibaya ukadhani unakanyaga vizuri. Lami ngumu inakusahihisha papo hapo. Ukitupa mguu mbele ukatua na kisigino, mshindo unapanda mpaka kwenye meno, na hatua inayofuata, bila kuamriwa na mtu, inakuwa fupi.

Hapo ndipo palipo faida yote, Mwalimu, na ndicho kitu ulichokuwa ukitupigia kelele ukiwa umeshika filimbi: fupisha hatua, usiutangulize mguu, tua chini ya kiuno chako. Kocha wa Kimarekani Jack Daniels aliwahesabia hatua wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles ya 1984 akaona kwamba wa mbio ndefu karibu wote walipiga hatua 180 au zaidi kwa dakika. Mimi nilipokuwa navaa raba nene sikuwahi kuikaribia namba hiyo hata kwa kujilazimisha. Nikiwa peku inakuja yenyewe, kwa sababu mguu hautaki kukaa chini muda mrefu.

Kupanda ni rahisi. Kushuka ndiko kunakochuna ngozi. Mteremko unakuvuta, wewe unajizuia kwa nyayo, na ngozi inasagika kati ya mwili na lami. Nimejifunza kusoma malengelenge. Likiota chini ya dole gumba, maana yake unausukuma mwili nyuma kwa vidole badala ya kuunyanyua mguu tu. Likiota kwenye mpira wa unyayo upande wa nje, unatua ukiwa umeupinda mguu. Ngozi haitobolewi na kupigwa na ardhi, inatobolewa na kusuguana nayo. Mchana jua likishapanda, ninakimbia juu ya mstari mweupe wa pembeni ya barabara, kwani rangi ile ni laini na haichomi kama lami nyeusi iliyo kando yake. Ila mvua ikinyesha mstari huo huo ndio wa kwanza kukuangusha. Na miezi ya masika yao, upepo wa kusini unaporudi na unyevu wa baharini, kuta za nyumba hutoa maji kama zinalia, sakafu inateleza, nguo hazikauki, na barabara ya mlimani nayo inakuwa na utelezi ambao huuoni kwa macho. Siku hizo navaa viatu bila aibu.

Kingine cha kuwaambia wakubwa wanaotaka kujaribu (si watoto wako, wao wameshazoea) ni kwamba ngozi ndiyo ya kwanza kukomaa, na hilo ndilo linaloponza watu. Baada ya wiki chache unyayo umeshakuwa mgumu, mtu anajiona yuko tayari, anaongeza kilomita. Vigimbi na kano ya kisigino bado havijakubali, na mifupa midogo ya mguu inachelewa kuliko vyote, inataka miezi. Maumivu ya vigimbi ni ya kawaida. Maumivu juu ya mguu, pale zinapopita kamba za kiatu, ni ya kusimama siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda mfupa umeanza kupata ufa. Kwangu peku ni ya asubuhi za mwendo wa taratibu. Mbio ndefu ya mwisho wa wiki naanza na viatu vyembamba, nikizikaribia kilomita za mwisho ndipo navivua, miguu ikiwa imechoka na inahitaji kukumbushwa adabu.

Wenyeji wananitazama kwa namna mbili, na hili limenifurahisha kuliko yote. Katika bustani nyingi za hapa kuna njia iliyopandwa kokoto za mtoni, zimesimamishwa wima kwenye saruji, nazo wazee huzitembelea wakiwa na soksi au bila kitu, wakiamini kwamba kila kokoto inabonyeza mahali penye mawasiliano na ini, figo au tumbo. Wanatembea taratibu, nyuso zimekunjamana, wengine wanajipiga mapaja kwa mikono, wengine wanatembea kinyumenyume. Hapo peku ni dawa. Ukitoka kwenye kokoto ukaingia kwenye lami, hatua tano tu mbele, peku inageuka kuwa msiba. Bibi mmoja ambaye hunikuta mara kwa mara karibu na lango hunikemea kama mjukuu wake: baridi huingia mwilini kupitia nyayoni, nitaugua, sina viatu? Ninamwonyesha ndala mkononi. Anatikisa kichwa. Nadhani ndala zinamthibitishia kuwa nina wazimu, maana mtu asiye na kiatu angemwelewa.

Na ana sababu. Wazee wa rika lake katika bonde hili la Mto wa Lulu walikulia ndani ya maji ya mashamba ya mpunga, miguu mitupu, matope hadi magotini. Hapa mtu akiacha shamba na kuingia kwenye biashara husemwa kwamba amenawa miguu akapanda juu ya tuta. Wameshanawa. Watoto wao wana viwanda, na jioni wanakwenda kulipia miguu yao ilowekwe kwenye ndoo ya maji moto yenye majani ya dawa na kukandwa na kijana. Anakuja mtu wa mbali na kuichafua ya kwake kwa hiari.

Sasa kuhusu huyo mgeni wako. Maneno yake yana asili, hakuyaokota njiani. Mwaka 2010 jarida la Nature lilitoa utafiti wa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, waliowapima pia vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waliona kwamba waliozoea kukimbia peku hutua zaidi na sehemu ya mbele ya mguu, na kwamba kutua hivyo kunaondoa ule mshindo wa ghafla wa kisigino. Ulaya na Marekani wakapagawa. Vikatoka viatu vyenye vidole vitano kama glavu, watu wakavitupa vya zamani, wakakimbia siku ya kwanza umbali ule ule waliouzoea, na wengi waliishia kwa madaktari. Kampuni ya Vibram, iliyouza viatu hivyo vya vidole, ilikubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya madai kwamba ilitangaza faida za kiafya isizoweza kuzithibitisha.

Kisha mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake wakachapisha walichokiona kaskazini mwa Kenya, kwa Wadaasanach, watu waliokua bila viatu maisha yao yote. Wengi wao, wakikimbia kwa mwendo wanaoupenda wenyewe, walitua na kisigino, na kadiri mwendo ulivyoongezeka ndivyo kutua kulivyosogea kutoka kisigino kuelekea mbele ya mguu. Kwa hiyo peku peke yake haimpi mtu mtindo mmoja. Mwendo, ardhi na mazoea ndivyo vinavyoamua. Jambo ambalo mimi naliamini bila wasiwasi ni la 2019, tena kwenye Nature na tena kwa watu wa Kenya na Marekani: sugu la unyayo, hata liwe nene vipi, halipunguzi hisia ya mguu unapotembea, tofauti na soli ya kiatu yenye sponji. Watoto wako wanaisikia ardhi vizuri. Hilo wanalo tayari, wala hawahitaji kulifundishwa na mgeni.

Watakutajia pia Abebe Bikila. Wote humtaja. Roma, tarehe 10 Septemba 1960, alikimbia peku kwenye mawe ya kale ya Njia ya Apia, akaingia chini ya Tao la Konstantino usiku, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, hakuna aliyewahi kukimbia marathoni haraka kuliko hapo. Lakini viatu alikuwa navyo, ila vilivyopatikana havikumkaa vizuri, na mazoezi ya peku alikuwa ameyafanya nyumbani. Miaka minne baadaye, Tokyo, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, alishinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, na safari hiyo alivaa viatu na soksi. Kati ya picha hizo mbili ile ya Roma ndiyo iliyobandikwa ukutani kila mahali. Sijui kwa nini watu wanapenda zaidi kumwona Mwafrika bila viatu, ingawa nina dhana yangu. Bruce Tulloh, Mwingereza, alishinda mita 5,000 za ubingwa wa Ulaya kule Belgrade mwaka 1962 akiwa peku, na sijaona mtu akiwashauri watoto wa Kiingereza wanyang'anywe raba.

Mimi na wewe tunajua peku ya kwetu ilikuwa nini. Haikuwa falsafa. Ilikuwa funza, na mama kukaa mlangoni palipo na mwanga, pini ameichoma kwenye moto, mtoto amemkaba mguu kwa magoti asikimbie. Ilikuwa safura, minyoo inayopenya kwenye ngozi ya mguu na kuinyonya damu ya mwanafunzi mpaka anasinzia darasani. Ilikuwa msumari wa kutu na hofu ya pepopunda. Nyanda za juu za Ethiopia na sehemu za Uganda kuna watu ambao miguu imevimba kama ya mwenye matende, na chanzo si mbu wala kidudu chochote. Ni kukanyaga udongo mwekundu wa volkano bila viatu miaka na miaka, na kinga yake kubwa ni kuvaa viatu na kunawa miguu. Mgeni aliyevua raba zake kwenye nyasi za uwanja wa shule kwa nusu saa hajakutana na hayo. Mimi ninakimbia peku hapa kwa sababu barabara inafagiwa, maji ya bomba yapo, na viatu viko nyumbani vimepangwa mpaka darini.

Upande wa pili nao una wendawazimu wake. Kwenye masoko ya viatu ya barabara ya Zhanxi, karibu na stesheni kuu ya treni, muuzaji anachukua kiatu cha mbio kilichokatwa katikati kwa msumeno ili uone tumbo lake: sponji nene nyepesi kama mkate wa bofulo, na ndani yake bapa la kaboni limejikunja. Viatu vya ukoo huo ndivyo Eliud Kipchoge alivyovaa Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na muda si mrefu, Januari 2020, shirikisho la riadha la dunia likaweka kikomo cha soli: milimita 40 na bapa moja tu. Raba za kuiga zinazojaa masokoni zina unene huo huo ila bapa ni la plastiki. Zinayumba. Mtoto aliyekua peku ukimvalisha hizo, kifundo kitateguka kwenye njia ya ng'ombe kabla hajafika shuleni. Hata Alphonce Simbu wetu alipompita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe kule Tokyo Septemba 2025, kwa sekunde 0.03, akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia, alikuwa na viatu, lakini vilikuwa vya kwake, vilivyomkaa, na miguu iliyojua kazi kabla ya kuvivaa.

Mimi nimejiandikisha kwenye bahati nasibu ya kupata namba ya marathoni ya Guangzhou, ile ya Desemba inayoanzia uwanja wa michezo wa Tianhe na kumalizikia uwanja wa Huacheng. Imekuwepo tangu 2012. Nikipata, nitakimbia na viatu vyembamba. Mbele ya maelfu ya watu, na vikombe na vifuniko vya chupa chini, sioni sababu ya kuonyesha ushujaa wa nyayo.

Basi, raba. Nimechagua zile za turubai zenye soli ya mpira bapa, nyembamba, ambazo wanafunzi wa Kichina huvaa kwenye vipindi vya michezo. Huzikuti na sponji wala kisigino kilichoinuliwa, unaikunja kwa mkono mmoja ikagusana ncha kwa ncha, na inafuliwa. Zitawakinga na miba, funza na kokoto zenye ncha bila kuwanyang'anya mwendo walio nao. Wakiwa kwenye uwanja wako uliokwisha kukaguliwa, wavue, wapige mizunguko yao ya taratibu peku, kisha wanawe miguu na kuikausha katikati ya vidole. Kwa wale wawili, watatu wa mbio za uwanjani nitatafuta spaiki, si za kuazimana kama tulivyofanya sisi, maana spaiki ya mwenzio inakuumiza kwenye mita ya mia nane ukiwa bado una mia saba.

Kazi moja ni yako. Kalibu za viwanda vya hapa ni nyembamba mbele, na miguu iliyokua bila viatu hupanuka kwenye vidole, kwa hiyo namba pekee haitoshi. Chukua karatasi, kila mtoto asimame juu yake kwa miguu yote miwili, asikae, kwa sababu mguu ukibeba uzito hurefuka na kupanuka. Mchore jioni baada ya mazoezi, si asubuhi. Kalamu ishikwe wima. Andika jina, umri, na mguu gani, kulia au kushoto, na uongeze upana wa kidole kimoja kwa wale wanaokua haraka. Piga picha na rula pembeni, nitumie kabla mwezi haujaisha. Meli kutoka Nansha mpaka Dar es Salaam inakula wiki kadhaa, bado kutoa mzigo bandarini na basi la kupandisha Mbulu. Gharama tutaongea, lakini usiwachangishe wazazi kwanza, kuna jamaa wawili hapa Sanyuanli waliopita mikononi mwa walimu kama wewe, na wote wana deni.

Nisalimie nyumbani, na kwa mama watoto.

Mwanafunzi wako,
Baiyun, Guangzhou